Damu Chooni na Dawa za Baridi Yabisi Kando ya Ziwa Victoria

Maumivu ya magoti, ya kiuno na ya vidole ni mzigo wa kawaida kwa watu wa makamo waishio Mwanza na katika vijiji na visiwa vya Ziwa Victoria. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kwa miaka ishirini, mama aliyeinama kuanika dagaa juani, mkulima aliyepalilia pamba huko Magu au Kwimba, wote hufikia umri ambapo viungo huanza kugoma. Dawa zitumikazo kutuliza maumivu hayo hupatikana kwa urahisi, nazo huleta nafuu ya kweli. Kisha siku moja mtu huyo huyo huona damu anapokwenda haja kubwa. Jibu apewalo mtaani huwa moja tu, yaani ana bawasiri. Huenda ni kweli. Lakini katika pwani ya ziwa hili damu hiyo yaweza kuwa na asili nyingine kadhaa, na dawa anayoimeza kwa ajili ya magoti yaweza kuizidisha damu hiyo, au hata kuwa ndiyo iliyoianzisha. Ndiyo maana yafaa mambo haya yaelezwe kwa pamoja, ingawa kwa kawaida yamezoeleka kuelezwa mbalimbali.

Bawasiri ni nini

Mahali puru inapokutana na njia ya kutokea choo, kila binadamu anayo mito mitatu midogo ya nyama laini iliyojaa mishipa ya damu. Kazi yake ni kusaidia kuufunga mlango huo sawasawa, ili hewa na majimaji visipite bila ruhusa. Kwa hiyo mtu hapati bawasiri kama apatavyo mafua, kwani mito hiyo alizaliwa nayo. Ugonjwa huanza pale mito inapovimba na nyuzi zinazoishikilia zinapolegea, hata ikaanza kuteremka. Mambo yanayoleta hali hiyo yanafahamika: choo kigumu, kujikamua kwa nguvu, kukaa chooni muda mrefu (na siku hizi simu za mkononi zimeurefusha muda huo), ujauzito, na kuharisha kwa mara kwa mara.

Bawasiri ya ndani haina maumivu kwa kawaida, kwa sababu ngozi laini ya sehemu ile haina neva za kuhisi uchungu. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu iliyokoza, itonayo baada ya choo au ibakiayo juu ya kinyesi. Wekundu huo hutokana na ukweli kwamba ateri ndogo humimina damu yenye oksijeni moja kwa moja ndani ya mito hiyo. Bawasiri ya nje, ambayo hufunikwa na ngozi ya kawaida, ndiyo iumayo, hasa damu inapoganda ndani yake.

Hapa baridi yabisi na bawasiri hukutana kwa njia ambayo vitabu vingi vya utabibu haviitaji. Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae. Kwa mwenye magoti mazima, kuchuchumaa ni jambo jema, kwani hunyoosha kona iliyopo kati ya puru na njia ya kutokea, na choo hupita bila kujikamua sana. Lakini mtu ambaye gegedu za magoti yake zimelika huona kuchuchumaa kuwa ni adhabu. Basi huahirisha haja. Kinyesi kinachongojeshwa ndani ya utumbo mpana huendelea kunyonywa maji yake, nacho hukauka na kuwa kigumu. Na siku inayofuata hujikamua zaidi. Fundi seremala aweza kulipunguza tatizo hili kwa kutengeneza kigoda imara chenye tundu, kiwekwacho juu ya shimo, pamoja na nguzo ya kushikia ukutani. Ni kitu cha gharama ndogo, na kwa wagonjwa wengi huleta faida kupita dawa za kupaka.

Dawa za uvimbe zinavyofanya kazi

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini, naproksini na piroksikamu ni dawa za jamii moja. Kwa miaka mingi zilitumika bila ya mtu kujua sawasawa zinavyofanya kazi, hata aspirini yenyewe iliyoingia sokoni mwaka 1899. Ilikuwa mwaka 1971 ambapo John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba dawa hizi huuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden.

Prostaglandini ndizo zinazokifanya kiungo kilichoumia kivimbe, kiwe na joto na kiume. Kuzizuia ni kuondoa maumivu. Taabu ni kwamba kemikali hizo hizo zina kazi nyingine njema mwilini. Katika tumbo huamuru utando wa ute utengenezwe ili asidi isiile nyama ya tumbo lenyewe. Katika figo husaidia damu ipite vizuri wakati mwili umepungukiwa na maji. Na kemikali ya jamii hiyo hiyo, itokayo katika chembe sahani za damu, huzifanya chembe hizo zishikamane na kuziba jeraha. Mtu ameizapo dawa kwa ajili ya goti, dawa haijui njia ya kwenda kwenye goti peke yake. Huenda kila mahali damu iendapo.

Juu ya chembe sahani kuna tofauti inayostahili kuangaliwa na wanafunzi wa biolojia. Ibuprofeni hukishika kimeng'enya husika kwa muda, kisha hukiachia, hivyo kwa kawaida damu hurudia hali yake baada ya siku moja hivi. Aspirini hukiharibu kimeng'enya hicho moja kwa moja. Chembe nyingi za mwili zingeweza kutengeneza kingine, lakini chembe sahani haina kiini wala maagizo ya kutengenezea protini hiyo upya, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo athari ya aspirini iliyomezwa leo huisha pale tu chembe sahani mpya zinapokuwa zimezaliwa kuchukua nafasi ya zile za zamani. Bawasiri ambayo ingetoa matone mawili matatu na kukoma, kwa mtumiaji wa dawa hizi huweza kuendelea kutona.

Watu wengi huamini kwamba sindano ya diklofenaki ni salama kwa tumbo kwa kuwa haipiti kinywani. Si hivyo. Madhara makubwa kwa tumbo hutokana na dawa iliyomo katika damu, na sindano huifikisha dawa katika damu hiyo hiyo. Vivyo hivyo kumeza dawa baada ya kula hupunguza kichefuchefu, lakini hakuondoi hatari ya vidonda. Dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa ni mbaya zaidi kwa mwenye bawasiri, maana pamoja na madhara hayo yote huweza kuwasha na kuchubua mahali penyewe palipovimba.

Hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka kwa mtu aliyepita umri wa miaka 60, kwa aliyewahi kuugua vidonda, kwa anayemeza dawa mbili za jamii hii kwa pamoja, na kwa anayetumia prednisoloni au dawa za kuzuia damu isigande. Huongezeka pia kwa mwenye bakteria waitwao Helikobakta pilori, ambao wameenea sana katika Afrika Mashariki. Damu inayotoka katika kidonda cha tumbo haionekani nyekundu chooni. Asidi na bakteria wa utumbo huibadilisha, na choo hutoka cheusi kama lami, chenye kunata na harufu mbaya ya pekee. Zahitajika kama mililita 50 hadi 100 za damu ili choo kiwe hivyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakina harufu hiyo.

Kichocho hubadilisha hesabu

Yaliyosemwa hadi hapa yangeweza kuandikwa kwa ajili ya msomaji wa Dodoma au wa London. Pwani ya Ziwa Victoria ina jambo lake zaidi, nalo ni kichocho cha tumbo. Minyoo wake, aitwaye Schistosoma mansoni, ana urefu wa sentimita moja hivi, naye huishi dume na jike pamoja ndani ya vena zinazochukua damu kutoka utumboni kwenda kwenye ini. Konokono wa jamii ya Biomphalaria, waishio katika majani na tope la ukingo wa ziwa, ndio wanaolea viluwiluwi vyake; na mtu huambukizwa anapogusa maji, iwe ni kuoga, kufua, kuteka au kusukuma mtumbwi. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku, kila yai likiwa na mwiba ubavuni. Mayai yatobokeayo utumboni huleta maumivu, kuharisha na damu katika choo. Damu hii mara nyingi huchanganyika na kinyesi na ute, haimwagiki juu yake kama ile ya bawasiri. Lakini macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha.

Mayai mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo. Mwili huyazungushia makovu, na kwa miaka mingi makovu hayo huikaba njia ya damu. Shinikizo hupanda nyuma ya ini, bandama huvimba, na damu hutafuta njia za mzunguko, hasa kupitia vena nyembamba zilizoko chini ya umio. Vena hizo huvimba kama mipira iliyojazwa maji. Siku moja hupasuka, na mgonjwa hutapika damu kwa wingi. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima mjini Mwanza na kufunguliwa mwaka 1971, imepokea wagonjwa wa namna hii miaka yote. Uchunguzi uliofanywa hapo kwa darubini ya tumbo katika miaka ya karibuni uligundua kwamba, miongoni mwa waliofika wakitokwa damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, vena za umio zilizovimba zilikuwa sababu ya kwanza, zikitangulia vidonda vya tumbo.

Kwa mtu mwenye vena kama hizo, dawa za jamii ya aspirini ni hatari maradufu: huudhoofisha utando na huizuia damu isigande. Na mtu huyo hajui kwamba anazo. Aweza kuwa mvuvi wa Ukerewe mwenye nguvu zake, asiyelalamikia kitu ila magoti.

Shinikizo hilo la nyuma ya ini huweza pia kuvimbisha vena za puru. Vena hizo si bawasiri, ingawa kwa asiyezoea hufanana nayo. Kuzikata au kuzifunga kwa kudhani ni bawasiri huweza kuleta umwagikaji wa damu ulio mgumu kuuzuia. Hii ndiyo sababu daktari mwangalifu wa Kanda ya Ziwa, kabla ya kuigusa bawasiri ya mtu, humlaza chali na kuipapasa bandama yake, huulizia maisha yake ya ziwani, na huagiza choo kipimwe. Kipimo chenyewe ni rahisi: kiasi kidogo cha kinyesi, miligramu 41.7, hutandazwa juu ya kioo na mayai huhesabiwa kwa hadubini. Dawa ni prazikwanteli, ambayo huua minyoo waliokomaa, ila haiwazuii wengine wasiingie kesho yake. Kampeni za kugawa dawa hiyo zimewalenga hasa watoto wa shule kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, mahali ambapo ugonjwa umeenea, wapewe watu wote wa umri wa kuanzia miaka miwili, wakiwamo watu wazima. Pendekezo hilo limechelewa, kwani wazazi nao huingia majini kama watoto wao.

Kijiko kimoja cha damu kwa siku

Huenda mtu akasema kwamba kijiko kimoja cha chai cha damu si kitu. Hesabu ifuatayo yafaa kufanywa darasani. Kijiko hicho huchukua mililita 5, na kila mililita moja ya damu ya mtu mwenye afya ina kama nusu miligramu ya madini ya chuma. Basi kila siku hupotea miligramu 2.5. Chakula cha kawaida huupatia mwili miligramu 1 hadi 2 kwa siku, kiasi kinachotosha tu kufidia upotevu wa kawaida. Mwanamke aliye na akiba ya miligramu 300 mwilini ataimaliza kwa kugawanya 300 kwa 2.5, yaani siku 120. Kwa hakika mwili hujitahidi kufyonza zaidi akiba inapopungua, kwa hiyo muda huo waweza kurefuka. Lakini akiwa pia na minyoo ya safura au hedhi nzito, muda hufupika. Akianza kuhema anapopanda vilima vya Mwanza, upungufu wa damu umekwisha kuingia, na chanzo chake kilikuwa kijiko kile.

Kuyatunza yote mawili

Mgonjwa wa baridi yabisi hawezi kuambiwa aache dawa na avumilie. Ushauri wa namna hiyo humfanya arudie dawa kwa siri. La kwanza ni kujua ugonjwa wa viungo wenyewe. Baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, ikivimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuvikakamaza asubuhi kwa saa nzima au zaidi, huhitaji dawa za kuurudisha nyuma ugonjwa, kama vile methotreksati, chini ya uangalizi wa daktari. Ugonjwa ukishikwa hivyo, haja ya dawa za uvimbe hupungua. Kulika kwa gegedu za magoti hakuna dawa ya namna hiyo, lakini mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito huleta nafuu ambayo wengi hawaitarajii. Diklofenaki ya kupaka juu ya goti huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge. Parasetamoli haidhuru tumbo wala chembe sahani kwa namna ile, ingawa ni kweli kwamba kwa magoti yaliyolika nguvu yake ni ndogo. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe hupangiwa pungufu ya hapo.

Pale ambapo dawa ya uvimbe haiepukiki, hutumika ya aina moja tu, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache, na daktari huweza kuongeza omeprazoli ili kulilinda tumbo. Omeprazoli hailindi utumbo mpana wala puru. Mtu apewaye aspirini kidogo kila siku kwa ajili ya moyo asiiache kwa hiari yake kwa kuwa ameona damu, bali amwone aliyempa. Tramadoli na kodeini, ambazo wengine hukimbilia badala yake, hufunga choo, na hivyo humrudisha mgonjwa wa bawasiri pale pale alipotoka.

Juu ya chakula, pwani ya ziwa hili ina nafasi yake katika historia ya sayansi. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Baadaye yeye na wenzake walipima choo cha watu wa nchi mbalimbali, na mwaka 1972 walitangaza kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi; kwa vijana wa jeshi la majini la Uingereza ilikuwa karibu gramu 100, na zaidi ya siku tatu. Burkitt alisema nyuzinyuzi za chakula ndizo zilizoleta tofauti, na kwamba ndizo zilizowakinga Waafrika wa vijijini na bawasiri. Sehemu ya pili ya madai hayo yahitaji tahadhari. Daktari huwahesabu waliokuja hospitali, na maradhi haya watu huyaficha. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa baadaye yameonyesha kwamba nyuzinyuzi hupunguza utokaji wa damu ya bawasiri.

Nyuzinyuzi hizo hazinunuliwi duka la dawa. Ugali wa dona, mtama au uwele una nyingi kuliko sembe iliyokobolewa; maharage, choroko na dengu zilimwazo Usukuma zina nyingi zaidi; nsansa, michembe, mlenda na mapapai navyo vimo. Gramu 25 hadi 30 kwa siku hutosha. Ziongezwe polepole, pamoja na maji ya kutosha, la sivyo tumbo hujaa gesi. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hutuliza uchungu.

Bawasiri isiyosikia hayo hufungwa kwa kipira kidogo kinachoinyima damu hadi inyauke na kudondoka, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 10. Kipira kidondokapo huacha kidonda, na hapo ndipo damu huweza kutoka. Kwa hiyo mgonjwa anatakiwa amtajie daktari kila dawa anayomeza, hata ile ya kununua dukani, kabla ya siku ya kufungwa. Na kujua ni lini aruhusiwe kuirudia baada ya hapo.

Choo cheusi kinatacho, kutapika damu, kizunguzungu au kuzimia, na damu isiyokoma ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usiku hata mchana. Kupungua uzito, kubadilika kwa desturi ya choo kwa wiki kadhaa, au damu inayoanza kuonekana kwa mtu aliyepita umri wa miaka 40 huhitaji utumbo mpana uchunguzwe, kwa kuwa saratani ya sehemu hiyo huanza kwa dalili zile zile, na mtu mwenye bawasiri hakukingiwa nayo.